Uyoga wa Ndani ya Boksi: Tulichopima na Ambacho Hatukupima

Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, Baraka. Tumeyaandika karibu vile yalivyosemwa.



Niliombwa niseme dakika kumi na tano. Mama sekreteri ananifahamu, ndiyo maana ameweka saa mezani. Lakini leo nitamwomba anivumilie kidogo, juu nimekuja kusahihisha kosa, na kosa lenyewe ni langu.

Mnakumbuka mkutano wa mwezi wa tatu. Kijana mmoja muuzaji alikuja hapa na boksi zake, boksi nzuri kweli, zenye picha ya uyoga mwekundu unaong'aa sawa vile umepakwa mafuta ya ngazi. Alisema unatibu sukari, presha, tumbo, mgongo, na hata wale ambao hawajapata mtoto. Mimi nikasimama. Mnajua mtu akishatoka chuo kikuu anapenda kusimama. Nikasema: tupime. Nilikuwa na chupa ya iyode mu mfuko wangu wa kazi, nikaomba maji, na mama mmoja akanipa maji ya chai kutoka termosi. Nikafungua kapsuli moja, nikamwaga unga mu kikombe, nikakoroga, nikadondosha iyode. Tukangoja. Hakuna kitu. Maji yakabaki na rangi yake ya kahawia.

Yule kijana akapaza sauti: «Bamama, mumeona? Muntu wa masomo amepima yeye mwenyewe, hamuna bunga ndani!» Mkapiga makofi. Na siku ile ile, kwa hesabu niliyoifanya kisha, watu saba walinunua.

Kosa lilikuwa maji ya moto. Nilifika nyumbani, nimekaa nakula, ndipo nikakumbuka somo la kemia la mwaka wa tatu wa sekondari: iyode haionyeshi kitu mu maji ya moto. Rangi inapotea. Maji yakipoa, rangi inarudi. Kama tungengoja dakika ishirini, kila mtu hapa angeona jambo lingine kabisa. Lakini kikombe kilikuwa kimeshamwagwa.

Basi nitaanza pale palipoharibika. Hapa mezani kuna sahani nyeupe nne na maji baridi ya kisima. Iyode hii ni ile ya kahawia wanayopaka ku kidonda. Kila famasi ya hapa mjini iko nayo. Kazi yake katika kupima ni moja tu: inatafuta wanga. Wale tuliosoma kule Tanzania tunajua neno hilo, na sisemi wanga wa usiku, nasema ile nguvu ya unga inayofanya bugali ishikane. Wanga uko katika muhogo, mahindi, mchele, mtama, ngano. Iyode ikiukuta, inageuka buluu nzito, karibu nyeusi. Isipoukuta, inabaki kahawia sawa vile ilivyotoka mu chupa.

Sahani ya kwanza, unga wa muhogo wetu. Muone wenyewe. Nyeusi, hata sijamaliza kudondosha.

Sahani ya pili, uyoga wa kichuguu ambao mama mmoja wa Mboko ameukausha juani tangu mvua zilizopita. Tumeusaga na kuukoroga. Kahawia. Tungoje kidogo. Bado kahawia. Uyoga hauwekei akiba yake katika wanga kama nafaka, njo maana iyode inapita tu.

Sahani ya tatu, kapsuli ya yule kijana wa mwezi wa tatu, kutoka boksi iliyonunuliwa siku ile na mwanachama, na aliyeinunua ndiye aliyeifungua mbele yenu sasa hivi. Muje karibu, wale wa nyuma wasimame. Nyeusi. Nyeusi sawa na ile ya muhogo.

Nawaomba utulivu. Sijasema kama yule kijana ni mwizi. Pengine yeye mwenyewe alidanganywa, hilo ni jambo la kawaida mu biashara hii, kila mmoja amenunua kwa aliye juu yake. Tena sijasema mu kapsuli ile hamuna uyoga hata kidogo. Nasema muna wanga mwingi. Namna ulivyoingia, hiyo ni hadithi yenyewe, na inapashwa tuielewe ili kesho tusidanganywe na boksi ya rangi nyingine.

Huo uyoga wa ku picha, wataalamu wanauita Ganoderma. Wachina wanasema lingzhi, Wajapani reishi. Ni uyoga wa ku miti, mgumu kama mbao, hauwezi kuupika na kuula na bugali. Huko Asia wameutumia tangu zamani sana, wanauchemsha wanakunywa maji yake, na maji hayo ni machungu. Shikeni neno hilo, uchungu, tutalirudia. Ndugu zake wa familia moja wako hata huku kwetu, wale kuvu wagumu wanaota ku shina la ngazi mzee na kuliozesha. Nimeshaona mtu mmoja ameanza kuwakwangua na kuwakausha akisema ni dawa ile ile. Tafadhali, hapana. Kuna aina nyingi, na kufanana si kuwa kitu kimoja.

Sasa, uyoga uko na sehemu mbili. Ile tunayoiona na kuichuma ni kama tunda. Chini yake, ndani ya mbao ao ndani ya udongo, kuna nyuzi nyeupe nyembamba zinazokula na kukua. Nyuzi hizo wanaziita miselyumu. Kuotesha tunda kunachukua miezi. Kuotesha nyuzi ni haraka: unachukua mchele ao mtama ao shayiri, unaupika, unaweka mbegu ya uyoga, nyuzi zinaenea kati ya punje. Ukitaka kuuza nyuzi peke yake, unapashwa kuzitenga na nafaka, na haziachani. Kwa hiyo viwanda vingine, hata vikubwa vya Marekani, vinakausha vyote pamoja, nyuzi na nafaka, vinasaga, vinajaza ku kapsuli. Ku boksi wanaandika jina la uyoga na kuweka picha ya tunda. Mahali fulani kwa herufi ndogo sana wanaandika miselyumu.  Lakini ninyi mnalipa bei ya uyoga, mnakula mtama uliosagwa.

Yule kijana aliuza boksi moja dola 38. Ndani muna kapsuli 60, kila moja nusu gramu. Jumla gramu 30. Kwa bei hiyo kilo moja ingefika zaidi ya dola 1,200. Mama unayeuza unga hapa soko ya Baraka, sema, kilo ya muhogo unatuuzia ngapi? (Kicheko.) Basi.

Sasa niseme jambo ambalo wengine hawatalipenda, na hili ndilo lililonifanya niombe nafasi leo. Baada ya kosa langu nilianza kupima kila boksi niliyoiona. Muuzaji wa pili, ambaye wengi wenu mnamfahamu, alinipa kapsuli yake kwa moyo wote. Ndiyo sahani ya nne. Tazameni: kahawia. Haikugeuka. Akafurahi sana. Juma lililofuata nikasikia ku kivuko kwamba anasema: «Chama ya bale balirudiaka imepima yangu, iko ya kweli.» Anatumia jina la chama. Anatumia jina langu pia, lakini hilo si kitu.

Chama hakikusema hivyo. Mimi sikusema hivyo. Nilisema hamuna wanga. Vumbi la matofali halina wanga. Unga wa mbao hauna wanga. Ningesaga mkeka huu na kuuweka mu kapsuli, iyode ingebaki kahawia na ningeuza dola 38. Kipimo hiki kinaweza kukamata uongo wa aina moja. Hakiwezi kushuhudia ukweli. Kuna hata unga mwingine wa kujazia, unaitwa maltodekstrini, unatengenezwa kutoka wanga uliokatwa-katwa viwandani, na huo mara nyingi unapita mbele ya iyode bila kugeuka buluu. Kwa hiyo anayefaulu hapa mezani hajafaulu. Hajaanguka tu.

Nikaonja ile ya pili. Nimewaambia Ganoderma ni mchungu. Uchungu huo unatoka ku vitu vinavyoitwa triterpeni, na ni kati ya vitu ambavyo maabara wanavitafuta wakipima. Ile kapsuli ilikuwa na ladha ya vumbi la nyumba iliyofungwa. Hakuna uchungu. Nikamuuliza muuzaji, akasema wametoa uchungu ili watoto waweze kunywa. Nikanyamaza. Ulimi pia si maabara, na mtu anaweza kuweka kitu chochote kichungu ndani na kuudanganya ulimi. Lakini kama wewe umeambiwa umenunua pilipili na haikuwashi, utauliza.

Wenzetu walio na vyombo wamefanya kazi hii vizuri. Mu mwaka wa 2017 watafiti waliandika matokeo yao mu jarida linaloitwa Scientific Reports. Walinunua mu Marekani bidhaa 19 za uyoga huu wa Ganoderma, wakatafuta zile triterpeni na aina za sukari ambazo ni za uyoga wenyewe, wakalinganisha na kilichoandikwa ku chupa. Zilizolingana zilikuwa 5. Tano kati ya kumi na tisa, na hiyo ni Marekani, nchi ya maabara na mahakama. Huko kwao tangu sheria ya 1994 mtu anayetengeneza bidhaa ya namna hii halazimiki kuonyesha serikali kwanza kama inatibu kabla ya kuiuza. Kwa hiyo mtu akikuambia «hii imekubaliwa Marekani», mwambie nani amekubali, na amekubali nini.

Hapa nataka kukaa kidogo, juu maandishi ya ku boksi yametushinda wengi, hata sisi tuliosoma.

Boksi ya yule kijana iliandikwa kwa Kifaransa kwamba muna polisakaridi asilimia 40. Neno kubwa, watu wanaogopa, wananunua. Polisakaridi maana yake ni sukari nyingi zilizoshikana kama mnyororo. Wanga wa muhogo ni polisakaridi. Bugali uliokula jana ni polisakaridi. Kwa hiyo ile namba haikukudanganya, iliacha tu kukuambia. Kile ambacho ni cha uyoga kinaitwa beta-glukani, na kile cha wanga kinahesabiwa katika alfa-glukani. Kuna kipimo cha maabara kinachotenga hivi viwili. Muuzaji wa kweli ataweza kukuonyesha karatasi yenye namba zote mbili, ya kwanza kubwa, ya pili ndogo sana. Akikuonyesha polisakaridi peke yake, umeshajibiwa.

Na hiyo karatasi inapashwa kuwa na namba ya loti ileile iliyo ku boksi unayoshika. Hapa watu wanadanganywa kila siku. Wanaonyeshwa picha ya karatasi mu telefone, ina mhuri, ina saini, lakini ni ya loti nyingine, ao ya kampuni iliyojipima yenyewe, ao si kipimo cha bidhaa kabisa. Niliona moja iliyokuwa ni cheti cha ISO 9001. Cheti hicho kinasema ofisi yao inapanga kazi zake kwa utaratibu. Hakisemi kitu juu ya kilicho ndani ya kapsuli. Ni kama mtu anayetaka kukuuzia mbuzi mgonjwa, anakuonyesha kitambulisho chake cha uchaguzi.

Tena kuna mambo ambayo hata mimi na iyode yangu na ulimi wangu hatuwezi kuyagusa. Uyoga unavuta madini kutoka mahali unapoota, mabaya kwa mazuri: risasi, kadmiamu, zebaki. Hayana rangi wala harufu. Maabara peke yake ndiyo inaweza kuyaona.

Na jambo lingine ambalo naliogopa zaidi. Wale waliosema «nimemeza siku mbili tu, magoti yameacha kuuma». Ndugu zangu, hakuna uyoga unaofanya hivyo kwa siku mbili. Wakaguzi wa Marekani wamekamata bidhaa zinazoitwa za majani tu, za maumivu ya viungo, wakakuta ndani muna deksametasoni, dawa ya hospitali yenye nguvu, ambayo haikuandikwa popote. Dawa hiyo inapandisha sukari mu damu, na mtu akiizoea kisha akaacha ghafla anaweza kuanguka. Za nguvu za wanaume nazo, wamekuta mara nyingi sildenafili imefichwa ndani. Mzee wa presha na wa moyo akimeza hiyo bila kujua, wakati anakunywa dawa zake nyingine, anaweza kufa. Kwa hiyo boksi inayofanya kazi haraka sana inaniogopesha kuliko ile isiyofanya kitu.

Nimepewa ruhusa na mama mmoja wa chama niseme habari yake bila jina. Wengine mtamtambua, naomba mumtunzie heshima. Mama huyu anaishi na sukari tangu tulipokuwa Lugufu. Kule kambini alikuwa anapewa vidonge bure, na aliporudi aliendelea navyo ku kituo cha afya, analipa kwa shida, anauza ndagala. Aliponunua boksi, aliambiwa: usichanganye, dawa ya wazungu itaua nguvu ya uyoga. Akaacha vidonge. Alifanya hesabu ya mtu yeyote mwenye akili: dola 38 zimeshatoka, hakuna zinazobaki za kulipa vyote viwili. Wiki ya sita kidonda kilitokea ku mguu. Wiki ya tisa tulimpandisha ku mashua usiku kwenda Uvira. Amerudi, yuko hai, yuko hapa. Vidole viwili havikurudi naye.

Kapsuli alizokuwa anameza zilikuwa za boksi ile ile ya sahani ya tatu. Mama wa sukari, alikuwa anameza wanga. Nusu gramu si kitu, simdanganyi mtu kwamba ule wanga ndio ulimkata vidole. Kilichomkata ni kuacha vidonge. Na hata kama ingekuwa Ganoderma safi, yenye karatasi zote, ingekuwa hivyo hivyo. Mu mwaka wa 2015 kundi la Cochrane, wale wanaokusanya majaribio yote ya dawa fulani na kuyapima pamoja, walitazama uyoga huu kwa watu wenye sukari ya aina ya pili. Hawakukuta ushahidi wa kuutumia kwa kuteremsha sukari wala hatari ya ugonjwa wa moyo. Kwa kansa nao waliandika kwamba hakuna ushahidi wa kutosha kuufanya dawa ya kwanza. Tena kuna madaktari walioandika habari za watu ambao ini lao liliharibika baada ya kunywa unga wake. Yeyote anayetaka kunywa, anywe, sisi si polisi. Lakini amwambie muganga wa kituo, na asiache hata kidonge kimoja.

Nije sasa ku franga, maana hilo ndilo liko katika ajenda.

Mezani kuna pendekezo la kutoa dola 900 mu kesi ya mshikamano, tununue boksi 30 kwa bei ya jumla ya dola 30, vikundi viuze, faida irudi. Nimeambiwa wafadhili wetu hawatakuwa na ubaya, juu ni mradi wa kuleta mapato. Naheshimu walioleta wazo hilo, ni watu wa kazi, wamechoka kuona kesi imelala. Lakini nitapinga, na nitasema sababu mbele yao, si nyuma yao.

Kwanza, hatujui tunauza nini. Nimewaonyesha sahani zote nne, na kwa sahani ya nne, ile «nzuri», jibu langu bado ni sijui. Kuituma maabara yenye uwezo wa kupima beta-glukani na madini kunahitaji franga na njia, na loti ya leo si loti ya kesho. Tungepashwa kupima kila mzigo. Faida ya boksi 30, tukiuza zote kwa dola 38, ni dola 240. Hesabu wenyewe kama zitalipa hayo.

Pili, ule mpango wa «leta wawili, kila mmoja alete wawili». Wako, wako wawili, wanne, nane. Ukifika mstari wa kumi unahitaji watu 1,024 katika mstari huo peke yake. Tutawatoa wapi hapa Baraka? Wa kwanza watakula. Wa mwisho watabaki na boksi chini ya kitanda. Na sisi ni nani? Sisi tuliorudi na mashua za mwisho tunajua kuwa wa mwisho ku mstari ni nini.

Mtu ataniuliza: ruhusa ya serikali je? Dawa zinazoingia nchini ziko chini ya ACOREP, na bidhaa zinazovuka mpaka zinapashwa kupita kwa OCC. Yule kijana nilimuuliza namba ya kuandikishwa. Akasema hii si dawa, ni chakula. Nikamwambia, kama ni chakula, mbona ulisema inatibu presha? Akasema hilo ni ushuhuda wa wateja. Mnaona mlango ulivyo: wakati wa kuuza ni dawa, wakati wa kukaguliwa ni chakula.

Kahawa za uyoga nazipita haraka. Iyode haisaidii, kahawa yenyewe ni nyeusi na hautaona rangi. Soma tu orodha ya vilivyomo, inaandikwa kutoka kilicho kingi mpaka kilicho kidogo. Zile nilizoziona zinaanza na unga wa maziwa bandia na sukari, uyoga uko mkiani. Mtu wa sukari asinunuliwe kahawa hiyo kama zawadi. Na zile kapsuli za Kordisepsi, yule wa milima ya Tibeti anayeota ku kiwavi: wa porini kule anauzwa bei inayokaribia ya dhahabu. Hakuna atakayemtia ku boksi na kukuletea Fizi.

Wababa wengine wameniambia pembeni: «Wewe unakataa tu, leta lako.» Sawa. Mama aliyenipa uyoga wa sahani ya pili anaukausha kila mvua na kuuza hapa soko, na hamalizi kuuza, unaisha. Wateja wanaujua, wazazi wao waliujua, wanaupika na kuula, hawaambiwi unatibu kitu. Kama komite inataka uyoga, tukae na wamama hao tuone wanakosa nini. Mimi nadhani ni vichanja vya kukaushia na mifuko isiyopitisha unyevu. Lakini sitaki kuahidi kitu leo, na uyoga wa porini unahitaji macho ya wanaoujua. Kuna unaoua familia nzima kwa usiku mmoja. Tuulize wao, tusiandike mradi halafu tuwatafute.

Kule Lugufu, nilikuwa mtoto, nakumbuka mama zetu siku ya mgao. Karani anaita jina, mama hakimbilii kuweka alama yake. Anaingiza mkono mu gunia mpaka chini, maana juu huwa pazuri, anasugua unga kwa vidole, ananusa, anaweka kidogo ku ulimi. Karani anakasirika, mstari ni mrefu, jua ni kali. Mama hajali. Siku moja mama yangu alirudisha gunia la mbaazi mbele ya watu wote, na kisha wengine kumi wakarudisha yao. Tulirudi na mama hao hao. Sijui ni ku mashua gani walipoteza tabia ile.

Mama sekreteri, naona saa. Namalizia na mambo ya kazi.

Chupa ya iyode na sahani zitakaa ofisini. Kila ijumaa baada ya soko, mwenye boksi alete kapsuli mbili, atapimiwa bure, kwa maji baridi. Ikigeuka nyeusi ataambiwa ina wanga. Isipogeuka ataambiwa «hatujui», na neno hilo ndilo litaandikwa mu kitabu. Hakuna karatasi ya mhuri itakayotolewa kwa muuzaji yeyote. Naomba pia komite imwandikie yule muuzaji wa pili aache kutumia jina letu.

Na wale saba walionunua kwa sababu ya kikombe changu. Nimeshaonana na watano, nimewaeleza, na wale waliokuwa wameacha dawa za hospitali nimefika nao ku kituo. Wawili bado. Mmoja ni mzee aliyekuwa amevaa koti la kijani, alikaa karibu na mlango, wanasema amehamia Mboko kwa mtoto wake. Wa pili ni mama aliyekuwa na mtoto mgongoni, jina lake halikuandikwa mu orodha ya siku ile. Anayewafahamu anione hapa nje tukitoka, anionyeshe nyumba zao.